Ujumbe Wako Umefika

Bwaise, Kampala
12 Februari 2023

Dada yangu Nabangala,

Salamu zangu zikukute popote ulipo leo, jikoni ama shambani, na zikukute mzima. Watoto hawajambo? Shemeji naye, ule mgongo wake umepata nafuu? Opoka wa lori aliniambia kwamba mvua ya vuli iliwahepa huko Kimilili na mahindi yakakauka yakiwa bado machanga. Poleni sana. Mliambulia hata ya kula? Mimi mwilini sina ugonjwa wowote. Nakula, naenda kazini, narudi.

Ujumbe wako kuhusu Baba niliupata Jumatatu. Umesema kwamba tangu apatwe na kiharusi hatambui tena watu, kwamba anakuita kwa jina la marehemu bibi yetu Kukhu, na kwamba asubuhi anauliza ng'ombe wamepelekwa wapi, wale tuliouza wakati ukiwa bado shuleni. Umeniuliza nitakuja lini kumwona. Umeniuliza pia, kama ambavyo umekuwa ukiniuliza tangu mazishi, kwa nini sipigi simu, na nikipiga kwa nini nakata kabla hatujamaliza kujuliana hali. Nimeamua kukujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu nitakata tena. Nimempa Opoka, kwa kuwa lori lake linapita Malaba kila wiki, na nimemsihi aiweke mkononi mwako, si kwa mtoto wala kwa jirani. Tafadhali isome kwanza ukiwa peke yako.

Niruhusu nianzie mbali kidogo, maana sijawahi kukueleza vizuri kitu ninachokifanya na kompyuta, na bila hicho hutaelewa yaliyobaki.

Unajua kazi yangu ni ya mapokezi katika jengo moja la ofisi huku Nakasero. Nakaa mezani, naandika majina ya wageni, nawaonyesha lifti. Miaka sita iliyopita mpangaji mmoja alipokuwa anahama aliniachia kompyuta ndogo yenye kioo kilichopasuka, akasema nikitaka niichukue, nisipotaka niitupe. Nikaichukua. Jengo lilikuwa na intaneti, na mchana wageni hupungua, basi nikaanza kujifunza kuandika programu kwa masomo ya bure niliyoyakuta humo. Hakuna mtu aliyenifundisha. Kuandika programu, dada, ni kuiandikia mashine maagizo. Mashine haijui chochote ila ulichokiandika, wala haikuulizi ulimaanisha nini. Nilikaa wiki nzima na kosa moja, halafu nikagundua ni alama ya mkato iliyokosekana, nikafurahi peke yangu pale mezani mpaka mgeni mmoja akaniuliza kama nimepata mtoto.

Programu yangu ya kwanza ilikuwa ya kuandikisha wageni wa jengo. Meneja aliiangalia, akasema kitabu cha karatasi hakihitaji umeme. Ya pili ilikuwa ya kupanga nyimbo za kwaya ya Wakenya tunaosali pamoja hapa; mwalimu wa kwaya aliisifu sana na hakuifungua tena. Ya tatu ilikuwa ya kucheza bao dhidi ya kompyuta. Ndugu yetu Masinde aliishinda kila mara, na kila mara alicheka mpaka machozi yakamtoka. Ndivyo nilivyokuwa, nikitengeneza vitu ambavyo hakuna aliyeviomba. Lakini nilikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu ambaye kazi yake ni kuonyesha wenzake lifti ilipo, na katika mji huu wote ni vile vitu tu ningeweza kusema ni vyangu.

Masinde alinifuata huku, kama unavyokumbuka, baada ya kugombana na Baba kwa sababu ya pombe. Sikumlaumu Baba, mzee wa kanisa ambaye hajawahi kuonja hata pombe ya busaa, na mtoto wake analetwa nyumbani kwa toroli. Alipofika hapa Masinde alipanga chumba chini kabisa, hatua chache kutoka kwenye mfereji mkubwa, na mlangoni pake akawa anafua mabati na kutengeneza sigiri, yale majiko ya makaa. Chumba changu kiko juu, kando ya Barabara ya Bombo, ambako maji hayafiki. Huko chini maji hayaanzi na mvua iliyo juu ya kichwa chako. Inanyesha kule vilimani, chini jua linawaka, halafu baada ya nusu saa mfereji unafurika na kuingia vyumbani, na watu wanabaki kunyanyua magodoro kana kwamba ni mara yao ya kwanza.

Siku moja maji yalimharibia mabati yote aliyokuwa ameyakata. Alikuja kwangu amelowa mpaka kiunoni, akanikuta kwenye kompyuta, akasimama mlangoni akiniangalia.

"Hiyo kitu yako inaweza kucheza bao," akasema, "haiwezi kutuambia maji inakuja?"

Basi wazo lilikuwa lake. Nataka ulijue hilo. Watu wa hapa wanasema ni programu ya Makokha, na mimi sijawahi kuwasahihisha.

Tuliifanya pamoja. Yeye alipaka mistari mitatu kwenye ukuta wa mfereji, kule juu unakoingilia Bwaise, mweupe, wa njano na mwekundu. Mimi nilinunua simu kuukuu kwa Faruk, fundi wa simu wa hapa njia panda, nikaiunganisha na kompyuta chumbani kwangu. Tukachagua watu watano wanaoshinda au kupitapita karibu na ile mistari. Maji yakigusa mwekundu, yeyote kati yao angetuma neno moja, MAJI, kwenye ile simu, na kompyuta ingewaandikia wote wa chini kwa mara moja: maji yanakuja, toeni watoto na wazee kwanza. Aliyetuma naye angejibiwa. Mimi nilikuwa nimeandika jibu la "OK" tu. Masinde alikataa. Alisema mtu aliyesimama kwenye mvua anastahili sentensi nzima. Akanitungia mwenyewe: "Asante, ujumbe wako umefika."

Mara ya kwanza ilipofanya kazi kweli ilikuwa Jumapili mchana. Aliyetuma ni Mama Kulusum, mjane wa Kinubi anayeuza makaa pale juu. Watu walitoka na watoto wao, na magodoro, na televisheni, na wazee wao juu ya viti, na maji yalipofika yalikuta vyumba vitupu. Hakuna kilichopotea ila kuku mmoja. Siku iliyofuata Mama Kulusum alipanda mpaka kwangu na chapati zilizofungwa kwenye gazeti. Aliniambia kwa Kiswahili chake cha hapa, "Wewe mutoto ya Kenya, jana umelalisha watu pakavu." Dada, sijawahi kupewa cheti chochote baada ya kile cha darasa la nane. Zile chapati nilizitazama kwanza kabla ya kuzila.

Kwa mwaka mzima na zaidi mambo yalikwenda hivyo, na mimi nikaanza kuota. Katika jengo letu kuna shirika linaloshughulika na maafa. Nilimweleza mama mmoja wa pale kila alipopita mezani kwangu, mpaka Aprili mwaka jana akakubali kuja kuona, yeye na wenzake wawili. Nilivaa shati la kuazima. Walikuja siku ya jua kali. Nilikuwa nimesimama nao katikati ya vyumba nikiwaeleza, mara simu zikaanza kulia kila mlango. Maji yanakuja. Watu wakatoka mbio, magodoro kichwani, wazee mgongoni. Mimi na wageni tukakimbilia kwenye mfereji. Maji yalikuwa ya vifundo vya miguu. Masinde alikuwa amesimama kando ya mistari yake, simu mkononi, anatabasamu, ananuka pombe ya waragi.

"Nilitaka waone inafanya kazi," akaniambia.

Wale wageni walikuwa watu wa adabu. Walisema watanipigia. Hawakupiga, na yule mama akawa akipita mezani anaangalia saa yake. Watu wa chini walinitukana wiki mbili, na wengi wakaniambia niondoe namba zao. Mimi nilimfuata Masinde chumbani kwake na kumwambia mengi. Nilimwambia kwamba Baba alifanya vyema kumfukuza. Nilijua neno hilo litampiga wapi, ndiyo maana nililisema. Alikuwa ameshika koleo la kukatia bati, akaliweka chini, akaanza kufagia vipande vya mabati sakafuni mpaka nikaondoka.

Hasira yangu haikuishia hapo, lakini hilo nitalieleza mahali pake.

Baada ya siku ile tulisalimiana, ila salamu zikawa fupi. Yeye aliendelea na sigiri zake, na mistari akaipaka upya ilipofifia. Mimi nilirudi kwenye kompyuta yangu. Yapata mwezi mmoja baadaye nikaanza kuona kwamba macho yake yamekuwa meupe na mikono haitetemeki asubuhi. Sikumuuliza. Nilijiambia nitamuuliza tukipatana.

Ijumaa ile ya Septemba unaijua kama tulivyoisimulia nyumbani. Mvua ilinyesha vilimani tangu saa tano. Faruk na mtumaji mwingine walikuwa wamekwenda kuswali. Mama Kulusum alikuwa Kibuli kumtazama dada yake aliyelazwa. Wa nne alikuwa amepata kibarua cha siku nzima mbali na hapa. Maji yalishuka baada ya saa saba, na hakuna ujumbe uliotoka. Wa chini walishtukia maji yako magotini. Masinde akaonekana akikimbia kutoka juu, akipiga mabati ya vyumba kwa nyundo yake, akifungua milango kwa bega. Alitoa watu wa vyumba vinne. Aliporudi tena chini, mfereji ulikuwa umefunikwa na maji na hakuna aliyeweza kuona ukingo uko wapi. Tulimpata Jumamosi asubuhi, mbali sana, kwenye mafunjo kule mfereji unakomwagikia.

Nawe ulikuwepo kaburini huko nyumbani, uliona. Baba alikataa kusema neno. Mhubiri alisoma juu ya ulevi, na watu waliitikia amina wakiinamisha vichwa kwa ajili ya Baba. Uliponishika mkono baada ya kaburi kufukiwa, ukaniuliza kama angalau alikuwa akijua anachokifanya, nilikwambia sijui.

Nilirudi Kampala siku ya tatu. Jioni moja akaja chumbani kwangu mwanamke anayeitwa Ayot, wa vyumba vya chini, ambaye riziki yake ni kuuza waragi mlangoni. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda maana sina kiti cha pili. Alinieleza kwamba Masinde alimbeba mama yake mgongoni, mama ambaye miguu yake haifanyi kazi, akampandisha mpaka barabarani, akamweka kwenye benchi la duka na kumfunika kwa shati lake mwenyewe. Kisha akarudi chini. Ayot alisema amesikia kwamba kule kwetu amezikwa kama mlevi, na hilo limemnyima usingizi.

"Huyo hakunywa," akaniambia. "Mimi ndiye nauza. Mimi najua nani anakunywa na nani ameacha. Tangu mwezi wa tano hakuja kwangu, na nikimwita anasema, nangoja ndugu yangu aone kwanza kwamba nimeacha."

Halafu akaniuliza jambo ambalo nilikuwa nikilingoja. Aliuliza, "Kwani siku hiyo simu yako ilikuwa na shida gani?"

Nilimwambia umeme ulikatika.

Umeme haukukatika, dada. Sasa nakuandikia lile ambalo barua hii imeandikwa kwa ajili yake.

Ile jioni ya Aprili, nilipotoka chumbani kwa Masinde, nilipanda kwangu nikafungua kompyuta. Nikaongeza mistari sita katika programu. Mistari ile ilisema hivi: namba hii ikituma neno lolote, lipokee, lihifadhi, lakini usimpelekee mtu yeyote. Namba ilikuwa ya Masinde. Yeye alikuwa mmoja wa wale watano; ndiye aliyekuwa mtumaji wa kwanza. Ningeweza kumwambia kwamba nimemtoa, angekasirika, tungegombana, yangekwisha. Sikutaka kugombana tena. Sikutaka pia aje kunisihi nimrudishe, maana nilijua ningekubali. Basi nikaacha jibu liendelee kumfikia kama zamani. Kila alipotuma, kompyuta ilimjibu kwamba asante, ujumbe wako umefika. Ulikuwa unafika kwenye faili moja ambalo sikulifungua.

Ijumaa ile simu yangu mwenyewe ilikuwa kwenye droo kazini, kama kanuni ya kazi inavyotaka. Nilitoka saa kumi na moja, nikaona simu yake moja niliyoikosa, nikaona na za watu wengine wengi. Nilipofika Bwaise walikuwa wakimtafuta kwa kamba. Nilishuka nami nikatafuta mpaka giza likatuzuia. Kisha nikapanda kwangu kubadilisha nguo, na kompyuta ilikuwa pale mezani, inawaka, haina shida yoyote. Nikalifungua lile faili.

Tangu Mei, kabla ya Ijumaa ile, alikuwa ametuma mara kumi na moja. Nililinganisha na ujumbe wa wengine. Kila mara aliyotuma, Mama Kulusum au Faruk naye alituma dakika chache baadaye, kwa hiyo watu walipata habari, naye akaamini habari ile inatoka kwake. Hakuna hata mara moja aliyodanganya. Na ya Ijumaa nimekunakilia hapa kama ilivyo, kwa sababu ni maneno yake ya mwisho na mimi sina haki ya kuyaweka peke yangu.

Saa saba na dakika nane: MAJI.

Saa saba na dakika kumi na mbili: MAJI NYINGI SANA.

Saa saba na dakika kumi na saba: MAKOKHA WATU HAWATOKI UMEPATA?

Na chini ya kila moja, jibu lile lile alilolitunga yeye.

Alisubiri dakika tisa. Nimezihesabu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukuambia. Alisimama kwenye mvua akisoma kwamba ujumbe wake umefika, akitazama chini milango haifunguki, na pengine akidhani watu ndio waliochoka kumwamini. Kama asingejibiwa chochote angeanza kukimbia mapema, wakati mfereji ulikuwa bado unaonekana. Hilo halihitaji kompyuta kulijua.

Bado sijamaliza, na hili lililobaki ni baya zaidi, kwa maana lile la kwanza nililifanya kwa hasira na hili nililifanya nikiwa na akili zangu.

Jumamosi, baada ya kumpata, nilimpigia Baba. Nilikuwa nimeshalisoma lile faili. Nilimpa habari, nikasikia jogoo akiwika huko kwenu, halafu akaniuliza swali moja tu.

"Alikuwa amekunywa?"

Angalia, dada, sikuhitaji kusema uongo mrefu. Kama ningejibu hapana, angeuliza basi ilikuwaje, na ningelazimika kumweleza. Nikasema, "Ndiyo, Baba." Akasema, "Haya," akakata. Ndiyo sababu hakusema neno kaburini. Ndiyo sababu ya somo lile la mhubiri. Mwana wake aliyeacha pombe miezi minne bila kusaidiwa na mtu, aliyebeba mama wa mtu mgongoni, amelala hapo nyuma ya migomba yenu akiwa na sifa niliyompa mimi.

Nilijiambia nitamwambia Baba ukweli Krismasi. Krismasi ikafika nikasema nina zamu. Nikajiambia Pasaka. Sasa umeniandikia kwamba Baba hajui hata wewe ni nani. Niliposoma ujumbe wako pale mezani, Mungu anisamehe, jambo la kwanza lililonijia lilikuwa nafuu. Ndipo nilipojijua mimi ni mtu wa namna gani, na ndipo nilipotafuta karatasi.

Utaniuliza hali ya hapa. Mama Kulusum anaamini kosa ni lake. Ananiambia kila tunapokutana kwamba asingekwenda Kibuli siku ile, Masinde angekuwa hai. Analia waziwazi barabarani, mwanamke mzima wa umri wa Mama, na mimi namshika bega na kumwambia ni mapenzi ya Mungu. Sijamwambia. Ayot anaamini umeme. Wengine wananipa pole kama ndugu wa shujaa, na mama mwenye duka la kona hataki nilipie mkate.

Programu niliizima wiki ile ile ya mazishi. Walikuja wazee wa mtaa kunisihi niiwashe, wakasema wamekwisha kununua hata kifurushi cha ujumbe. Nimejaribu. Nimefuta ile mistari sita, lakini kuiwasha siwezi. Nimejaribu pia kuiandika upya tangu mwanzo, na kila nikifika mahali pa kuamua neno la nani liaminiwe, vidole vinakataa. Faruk aliomba nimfundishe aiendeshe yeye. Nilimpa kompyuta na simu, akakaa nazo mwezi mmoja, akazirudisha, akasema haelewi nilichoandika. Hakuna mwingine hapa anayejua. Masika inaanza mwezi ujao na watu wa chini hawana chochote ila kutazama mfereji kwa macho. Mistari ya ukutani imefifia, huwezi kujua upi ulikuwa mwekundu.

Sikuombi unisamehe. Ukinisamehe sitajua la kuufanyia huo msamaha. Nakuomba mambo mawili. La kwanza, wasomee shemeji na watoto sehemu ya Masinde, wote, hata mdogo, ili wajue mjomba wao alikufaje. Msomee na mhubiri ukiweza. Sehemu yangu isome au uifiche, ni juu yako. Sitakulaumu kwa lolote.

La pili ni gumu. Kaa karibu na Baba wakati wa asubuhi, unaposema huwa ana utulivu kidogo, umwambie kwamba Masinde hakuwa amekunywa. Najua hatakuelewa. Najua pengine atakuuliza Masinde ni nani. Mwambie hivyo hivyo, kwa sauti, kwa Kibukusu, na usimwambie kwamba ni mimi niliyekutuma.

Kuhusu kuja, sitakuja sasa. Sioni mahali katika boma lile ambapo ningekaa nisilione kaburi.

Nisalimie shemeji, na watoto mmoja mmoja kwa majina yao. Nisalimie na Mama Teresa wa ng'ambo ya mto, aliyetupikia siku zote za matanga. Nguo za Masinde zilizokuwa kavu nimempa Opoka akuletee pamoja na barua. Ni mashati mawili na koti, zimefuliwa. Uzigawe kwa anayehitaji.

Kaa salama, dada.

Ni mimi ndugu yako,
Makokha